Picha Namba 11

Picha tuliziangika kwenye kamba ya mwani, ile ile ya kulimia, tukaifunga kutoka nguzo ya baraza ya skuli hadi shina la mwembe. Vibanio vya nguo niliviazima nyumba ya jirani. Picha 37, kila moja na namba yake chini kwa kalamu ya wino mzito. Ilikuwa saa 10 na nusu jioni, siku ya tano na ya mwisho ya kambi niliyowaandalia watoto kuwafundisha kupiga picha. Sinia la kashata linazunguka, wazazi wanacheka, watoto wanavuta watu mikono: njoo uone yangu, yangu ile pale.

Akaja mama mmoja peke yake. Akaanzia namba 1, akaenda taratibu kama mtu anayekagua vitambaa dukani asiyetaka ijulikane kapenda kipi. Kufika namba 11 akasimama. Hakusema neno. Akakifungua kibanio, akaichukua picha, akaikunja mara mbili (karatasi ya picha ukiikunja rangi hupasuka, unaisikia), akaitia ndani ya baibui, akaondoka.

Kibanio akakirudisha kwenye kamba.

Hii ni wiki ya sita, na nikifumba macho ninachokiona ni hicho kibanio. Angekitupa chini ningejua kakasirika, ningemwendea, tungesemezana, yangekwisha. Lakini alikirudisha mahali pake, kwa vidole viwili, kama mtu aliyekuja kuchukua nguo yake kwenye kamba ya jirani kabla ya mvua.

## Umetazama maji?

Wanaonisoma siku zote wanaijua kazi yangu. Napiga picha za harusi, upande wa wanawake, Mjini Unguja. Simu hukusanywa mlangoni, zikatiwa kwenye beseni na kufunikwa kanga, kisha naingia mimi peke yangu na kamera. Wanawake wamevua mabaibui, nywele wazi, wanacheza. Picha zao zote ziko mkononi mwangu, na haijatoka hata moja ambayo mwenyewe hakuitaka. Kwa hilo ndiyo naitwa. Lenzi nzuri wanazo wengi.

Liweke hilo akilini.

Kambi niliipanga mezani kwangu jikoni. Watoto 14, wa miaka 9 hadi 13, siku tano za likizo ya Desemba, katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ambacho sikitaji, na sababu utaiona. Niliita kambi ingawa kila mtoto alilala kwao. Kamera ndogo sita za mtumba, mbili kati yake hazifungi mlango wa betri mpaka utie mpira wa kufungia pesa. Ratiba nikaichora kwa rangi: asubuhi somo, saa 4 mazoezi, saa 6 chakula, mchana tunatazama picha. Nikaipenda. Nikaipeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini.

Sheha akaisoma yote, akatazama tarehe, akatazama dirishani, akaniuliza, "Mwanangu, umetazama maji?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maji nimeagiza katoni tano.

Alicheka mpaka akavua kofia.

Tarehe zangu zote tano ziliangukia bamvua. Siku hizo bahari inakwenda mbali, kwenye saa 4 asubuhi unatembea kwa miguu mpaka kwenye mashamba, na ndizo siku za kupanda na kuvuna. Mwani ulianza kulimwa upande ule mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kalenda ya nyumba nyingi ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kina mama wanashuka pwani, na mtoto wa miaka 11 hashindi skuli akichezea kamera wakati mama yake anabeba magunia ya mwani uliorowa. Ningetazama mwezi tu, ningeweka kambi kwenye maji mafu, siku ambazo bahari haiendi mbali, basi. Lakini kamera mbili zilikuwa za kuazima, na mimi nina harusi Januari nzima.

Kutoka kwa sheha nikaenda kwa maalim wa chuo cha Kurani. Nilikuwa nimejiandaa kwa mjadala mrefu wa picha na sanamu, nina hoja zangu mkobani. Maalim akanisikiliza huku akifunga vitabu. "Saa 8 watoto wawe chuoni," akasema. "Hayo mengine Mungu akipenda tutazungumza." Hatujazungumza mpaka leo.

Ratiba ikapasuka vipande viwili: saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 hadi Magharibi. Katikati hapo watoto watakuwa pwani. Na ni mimi niliyesema, kwa sauti ya mtu aliyeokoa jahazi: basi washuke na kamera.

Kwenye mpango wa jikoni pwani haikuwamo kabisa.

## Nyumba zenye matundu

Siku ya kwanza sikuwapa kamera. Nilitaka waingie ndani ya kamera kwanza. Tukaziba madirisha ya darasa kwa nailoni nyeusi na mikeka, nikatoboa tundu moja dogo, tukafunga mlango tukangoja macho yazoee kiza. Ukuta wa nyuma ukaanza kupata rangi. Kwanza buluu chini, kwa sababu mbingu iko chini. Halafu minazi ikining'inia kichwa chini kama popo. Halafu mbuzi wa mtu akapita juu kwa juu.

Walipiga kelele mpaka nyumba ya jirani wakaja kuuliza kuna nini. Mvulana mmoja akatoka mbio nje, akasimama kwa mikono mbele ya tundu, miguu juu. Ukutani akaonekana amesimama sawa, peke yake katika dunia iliyopinduka. Sijawahi kuona mwanafunzi aliyeelewa somo haraka vile.

Nikawaeleza habari za Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa kama mwaka 965, aliyefanya kazi zake Misri na kuandika Kitab al-Manazir, kitabu cha mwanga na kuona, akalichunguza jambo hili la mwanga kupita kwenye tundu kabla haijafikiriwa kamera yoyote. Wakasikiliza kwa adabu. Kisha msichana mmoja mwembamba aliyekaa karibu na mlango akasema, "Kwetu yapo mengi."

Nini?

"Hayo. Juu ya bati."

Alimaanisha matundu ya misumari. Nyumba ikiwa imeezekwa kwa bati la zamani, saa 6 mchana sakafu inajaa viduara vya mwanga. Wengi wetu tumekulia juu yake, tumevikanyaga, tumejaribu kuviokota. Na vile viduara havifuati umbo la tundu. Tundu la msumari lina pembe, limepasuka, lakini sakafuni kinatokea kiduara, kwa sababu kile ni picha ya jua lenyewe. Nikakumbuka Septemba 1, 2016, siku ya kupatwa kwa jua, ile iliyowapeleka watu Rujewa kule Mbeya kutazama jua likiwa pete. Kwetu jua lilimegwa tu, na sakafuni kwa shangazi viduara vyote viligeuka hilali. Ibn al-Haytham aliandika risala nzima juu ya hizo hilali. Shangazi yeye aliogopa, akafagia.

Yule msichana wa matundu ndiye aliyepiga namba 11.

## Karatasi zilizokula jua

Siku ya pili nitaipitia haraka maana inaniaibisha kwa namna nyingine.

Nilitaka tuchapishe mwani wenyewe kwa jua. Ni njia ya mwaka 1842: unachanganya amoniamu feri sitreti na potasiamu ferisianidi, unapaka karatasi kizani, ikikauka unalaza kitu juu yake, unaianika, unaiosha kwa maji. Jua lilipopiga panakuwa buluu iliyokolea, kitu kilipokaa panabaki peupe. Mwaka uliofuata mwanamke wa Kiingereza, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu cha picha za namna hiyo, na picha zenyewe zilikuwa za nini? Mwani. Nilivyoligundua hilo nilihisi kambi imeandikwa mbinguni.

Dawa nilichanganya na kupaka mwenyewe usiku, nimevaa glavu, watoto hawapo. Nikazianika karatasi 30 katika stoo. Nilisahau mambo mawili. Unyevu wa pwani, kwanza: alfajiri zilikuwa bado zinanata. La pili, mlango wa stoo uliangalia mashariki na chini yake una uwazi wa vidole vitatu. Nilipofungua saa 1, karatasi za mstari wa chini zilikuwa zimeshakula jua, buluu tupu. Zikabaki 12 kwa watoto 14.

Zilizobaki zilitoka nzuri. Kulikuwa na moja ambayo vitawi vyake vilikaa kama mishipa ya mkono. Lakini niliwagawia wawili wawili, wakagombana, na ndoo mbili za maji ya kunywa zikaishia kuoshea makaratasi. Bibi mmoja alinitazama nikimwaga maji yale ya buluu, asiseme kitu.

Ningekuwa na busara ningeanza kujiuliza hapo.

## Nilichowafundisha

Siku ya tatu asubuhi tukatazama picha za siku moja kabla. Zilikuwa za watu waliosimama wima, mikono imebana mapajani, nyuso zimekazwa kama wako dirishani wanapigwa ya kitambulisho cha Mzanzibari. Picha 60 za namna hiyo. Nikasema, na nayakumbuka maneno yangu yote:

"Mtu akijua anapigwa, anaondoka. Anabaki mwili. Usimwambie. Mvizie."

Wakacheka. Neno liliwapendeza, ni neno la paka. Siku nzima nilisikia "nimekuvizia, nimekuvizia" mpaka chooni.

Na picha zikabadilika, sitasema uongo. Watoto ni wafupi, wanapiga kutoka usawa wa kitovu cha mtu mzima, kwa hiyo walileta dunia nisiyoijua: pindo za kanga zenye mchanga, mikono inayofunga vikamba, visigino. Mmoja alileta majina ya kanga tu, nusu nusu, maneno yamekatwa na mkunjo wa nguo. Nilikaa nayo muda mrefu nikijaribu kuyamalizia.

Halafu namba 11.

Mama ameinama, maji nusu ya miundi. Mikono yote miwili inavuta fundo, na ncha ya kamba kaibana kwa meno. Kanga imeroa, imemganda kiunoni. Nyuma yake, mbali, mtalii anayevutwa majini na kaiti lake jekundu angani. Mpigaji alikuwa amejificha nyuma ya ngalawa iliyokaa mchangani, kwa hiyo pembeni kuna kivuli kinachoufunga mchoro wote. Mimi niliyeshika kamera miaka 13 nisingeipata. Mtu akinivutia kamba vile, ningeanza kutafuta mwanga, yeye angeshamaliza.

Nikaionesha kwa wote. Nikapiga makofi, wakapiga makofi. Nikasema hii ndiyo picha ya kambi.

Yule msichana hakucheka. Aliuliza, "Tutaiangika?"

Nikamwambia ndiyo, tena katikati. Nilidhani ni furaha ile. Kila nikiirudia ile sauti sasa, naisikia tofauti. Alikuwa anatafuta mtu mzima wa kumwambia hapana, na mtu mzima pekee aliyekuwapo alikuwa mimi.

## Fomu 14

Nilikuwa na fomu, usidhani. Kila mzazi aliweka sahihi au dole gumba: mtoto ashiriki, mtoto apigwe, kazi za mtoto zioneshwe. Nilizipanga kwenye faili lenye rangi. Katika zote 14 hakuna mstari unaomzungumzia mtu aliye upande wa pili wa lenzi. Huyo sikumwazia. Alikuwa mandhari.

Na hapo ndipo panaponichoma, kwa sababu najua vizuri nani mwingine anawaona kina mama wale kama mandhari. Miaka yote hii wanainama pale, na kila siku wako watu ufukweni na lenzi ndefu. Baadhi ya kina mama hugeuka. Baadhi hudai pesa, na watu wa Mjini tunawasema kwamba utalii umewaharibu. Mimi pia nimesema. Kisha nikaenda nikampa mtoto kamera nikamwonesha mahali pa kujificha, na alipiga akiwa upande ule ule wanaosimama wageni. Tofauti ni kwamba mgeni asingeweza kumkaribia mama yule kiasi kile. Mtoto aliweza kwa sababu ni mtoto wake.

Dada yangu, niliyemsimulia, anasema najitesa bure. Anasema kila mtu akiulizwa kwanza hatutabaki na picha ila za kitambulisho. Ana hoja. Picha nyingi zinazotuambia jinsi wazee wetu walivyoishi, wapigaji hawakuomba ruhusa, na tunazishukuru. Naanza kukubaliana naye, kisha nakumbuka beseni la simu mlangoni. Hakuna anayeniambia huko kwamba sheria zetu za harusi zinaua sanaa. Mwanamke wa Mjini mwenye uwezo wa kunilipa ana haki ya kusema hii futa. Mama wa mwani kaipata haki hiyo kwa kukunja karatasi.

## Saa ya kuazima

Bibi yangu mzaa mama aliacha picha moja tu. Ilipigwa studio, Mjini, enzi ambazo mtu akisema naenda kupiga picha alikuwa na maana ya safari. Studio zilikuwapo. Capital Art ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930, ndiyo wengi wetu tunaijua, picha za familia nusu ya mji zimetoka mle. Bibi kakaa kitini, kanga mpya bado ina mistari ya mkunjo wa dukani, mkono kaulaza juu ya mto ili saa ionekane. Saa si yake, aliiazima kwa wifi yake. Mama alinisimulia mara nyingi, na kila mara alicheka, nami nilicheka pia. Bibi na saa ya watu!

Siku hizi naitazama ile saa sicheki. Bibi alikuwa anaosha vyombo vya watu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku, na hakuna picha yake akiosha vyombo. Mpiga picha mwenye jicho kama langu angemvizia karoni, mikono mapovuni, na ingekuwa picha bora kuliko ile ya studio. Ningeipenda mimi. Ningeichapisha hapa.

Yeye alivaa, akaazima saa, akakaa.

## Simu

Nilichelewa kumpigia mama yule. Wiki ya kwanza nilijiambia nangoja apoe, wiki ya pili nilijiambia nina harusi. Juzi nikaomba namba kwa sheha, nikapiga. Nikaanza kwa salamu ndefu, za nyumbani, za watoto, za pwani, mpaka zikaisha zote.

Nikasema, "Mama, nimepiga kuomba radhi kwa ile picha."

"Mtoto hana kosa," akanijibu. "Nilimuuliza kwa nini hukuniambia. Kanambia mwalimu kasema tusiseme."

Nikanyamaza. Hapo hakuna jibu.

"Ningeambiwa ningevaa," akasema.

Nikamwambia picha iko bado kwenye memori kadi, na kama anataka naifuta sasa hivi, akiwa kwenye simu. Hicho ndicho ninachokijua: kufuta. Nilikuwa nimeshaishika kadi mkononi.

"Usifute. Mbona nzuri?" Akakaa kidogo. "Nimeitia kabatini. Imepasuka hapa kiunoni nilipoikunja. Huna nyingine?"

Nikamwambia naweza kumsafishia mpya, nimpelekee.

"Lete. Lakini si ya kuangikwa."

Nikasema si ya kuangikwa. Nikamuuliza kama atamruhusu bintiye kuja kambi nyingine, na safari hii nitatazama maji kwanza. Akacheka, habari za katoni tano zilishamfika, nadhani zimefika Makunduchi. Kuhusu bintiye hakujibu. Akaniuliza badala yake picha ya kuvaa, ya kukaa kitini, nachaji shilingi ngapi.

Kwa mazoea ulimi ukataja bei ya Mjini.

"Ghali hiyo," akasema, na salio likanikatikia.

Nimepiga tena mara mbili kumwambia sikukusudia, kwamba kwake hakuna bei. Hapokei. Leo nimetoka nje usiku nikatazama juu: mwezi mpevu. Yuko pwani.